Mji Wenye Watu Wengi na Miti Mingi

Somo hili lilisomwa katika redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili wanafunzi walisome tena pamoja na mwalimu wao.

Ninyi mlioko hapa Lupaso, na ninyi mlioko Masasi, Ndanda, Newala na Kitangari, karibuni darasani. Wazee, akina mama na vijana, kaeni vizuri. Wekeni daftari na kalamu karibu, kwa maana leo kuna hesabu ndani ya somo.

Leo tutazungumza juu ya swali hili: watu wakiwa wengi mahali pamoja, miti itakaa wapi?

Labda mzee mmoja atauliza, "Mwalimu, sisi ni watu wa kijijini. Miti tunayo. Habari za miji zatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake ni kwamba miji haishuki kutoka mbinguni. Kila mji ulianza kuwa kijiji.

Tazameni Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika pale chini ya vilima vya mawe pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, wakajenga kijiji kidogo cha misheni. Katika sensa ya mwaka 2012, Halmashauri ya Mji wa Masasi ilikuwa na watu zaidi ya laki moja. Tazameni Dar es Salaam. Zamani palikuwa na kijiji cha pwani kiitwacho Mzizima. Katika sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Toeni hesabu wenyewe: katika miaka kumi watu wameongezeka zaidi ya milioni moja. Wote hao wanataka mahali pa kulala, maji ya kunywa, na njia ya kupita.

Basi mtu mwenye busara hutazama mji ungali mdogo, kama fundi anavyotazama msingi kabla ya kuinua ukuta.

KWA NINI WATU HUKUSANYIKA

Kukaa pamoja kuna faida. Watu wa Uwanda wa Makonde wanajua jambo hili kuliko wengi. Ardhi ya juu kule Newala ni ya mchanga. Mvua inaponyesha, maji huzama chini sana. Kwa hiyo juu ya uwanda hakuna mito. Zamani mama wa Newala alishuka mtelemko mrefu mpaka bondeni, akateka maji, akapanda tena na mtungi kichwani. Katika miaka ya 1950 kazi ilianza ya kuyapandisha maji juu kwa mitambo na mabomba. Kazi hiyo ina gharama kubwa. Bomba likipita penye nyumba nyingi, gharama hugawanyika kwa watu wengi. Nyumba zikitawanyika, kila nyumba hudai bomba refu la peke yake. Ndivyo ilivyo pia kwa shule, zahanati, barabara na umeme.

Lakini kukusanyika bila kufikiri juu ya miti huleta hasara. Hilo nalo tunalijua kwetu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 ilikuwapo Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa wakae pamoja katika vijiji, ili wapate shule, maji na matibabu. Lakini familia nyingi za mkoa wetu wa Mtwara zilijikuta mbali na mikorosho yao. Mkorosho hautaki kuachwa. Usipopaliliwa, magugu huufunika na moto wa kiangazi huuingia. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Baada ya hapo mavuno yalishuka mwaka hata mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1980 hayakufika hata tani 30,000. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua. Lakini umbali kati ya nyumba na mti ulikuwa sababu mojawapo kubwa.

Hapo tunajifunza jambo la kwanza. Watu wanahitaji kuwa karibu na watu wenzao, na pia wanahitaji kuwa karibu na miti. Kupanga mji vizuri ni kuyapata yote mawili.

HESABU YA EKARI MIA

Sasa shikeni kalamu. Ekari moja ni mita za mraba 4,000 hivi. Tuseme tuna familia 100 na ardhi ya ekari 100.

Njia ya kwanza: kila familia inachukua ekari moja na kujenga katikati. Ardhi yote imekwisha. Hakuna msitu wa pamoja, hakuna uwanja wa watoto, na barabara itabidi ikate shamba la mtu.

Njia ya pili: kila familia inapewa kiwanja cha mita 20 kwa mita 20. Kiwanja hicho ni mita za mraba 400. Familia 100 zinahitaji mita za mraba 40,000, yaani ekari 10. Tuweke ekari 4 za barabara. Tuweke ekari 3 za shule, soko na zahanati. Tuweke ekari 3 za uwanja wa wazi wenye miti. Jumla ni ekari 20. Zimebaki ngapi? Zimebaki ekari 80.

Mikorosho hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kila upande. Mti mmoja basi unachukua mita za mraba 144. Gawanyeni 4,000 kwa 144: mtapata miti 27 katika ekari. Katika ekari 80 mtapata mikorosho zaidi ya 2,000.

Tazameni na bomba. Ekari moja yenye pande sawa ina mita 63 kila upande. Nyumba kumi katika mstari, kila moja na ekari yake, zinahitaji bomba la mita 630. Nyumba kumi katika viwanja vya mita 20 zinahitaji mita 200 tu.

Mkulima atasema, "Lakini mimi nikikaa katika ekari yangu, mikorosho naipanda papo hapo mlangoni." Ni kweli, na kwa kijiji cha wakulima wachache njia hiyo si mbaya. Shida huja mji unapokua. Mwenye ekari huuza kipande kwa mgeni mmoja, kisha kingine kwa mgeni wa pili. Mkorosho hukatwa ili nyumba ipate nafasi. Kila muuzaji huuza mpaka mpakani kabisa, wala hakuna anayeacha njia, sembuse uwanja. Sehemu nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam zimejengwa hivyo. Mwisho wake watu wamebanana sana, na ardhi ya wazi haiko ndani wala nje.

KAZI YA MTI KATIKA MJI

Watu wengine hudhani mti katika mji ni pambo tu, kama kitambaa juu ya meza. Sivyo. Mti unafanya kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kupunguza joto. Mnaujua mtungi wa udongo. Maji ya mtungini huwa baridi hata mchana wa jua kali, kwa sababu mtungi hutoa jasho, na jasho likikauka huchukua joto. Mti hufanya vivyo hivyo. Mizizi hunywa maji ya ardhini, na majani huyatoa kama mvuke. Mvuke huo huondoka na joto. Juu ya hayo, majani huzuia jua lisipige ardhi. Lakini bati, saruji na lami hazitoi jasho. Hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha usiku, wakati mtoto mchanga anatafuta usingizi.

Kazi ya pili ni kutunza maji. Fanyeni jaribio hili baada ya somo. Chukueni makopo mawili ya maji yaliyo sawa. Mwageni kopo moja juu ya ardhi ngumu iliyokanyagwa, na jingine chini ya mwembe penye majani yaliyooza. Tazameni maji yanavyokwenda. Ya kwanza yatakimbia na kuchukua udongo. Ya pili yatazama. Maji yanayozama juu ya Uwanda wa Makonde ndiyo yanayotokea chini, kama chemchemi za Ndanda. Mji wa Masasi na mji wa Nachingwea hupata maji yao kutoka chemchemi ya Mbwinji. Kwa hiyo mtu akifyeka msitu juu ya mlima, madhara yake huenda yakaonekana bombani kwa mtu asiyemfahamu.

Kazi ya tatu ni kukutanisha watu. Chini ya mti wazee hufanya shauri, wasusi husuka, na watoto hucheza bila kuogopa magari. Mtu mwenye nyumba kubwa ana baraza lake na bustani yake. Mtu mwenye chumba kimoja cha kupanga, uwanja wa wazi ndio baraza lake. Akinyang'anywa uwanja huo, hana pengine pa kukaa.

JAMBO LILILOTOKEA BONDE LA MSIMBAZI

Sasa twende Dar es Salaam. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu, unapita katikati ya mji, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kabla ya kufika baharini unapita bonde pana liitwalo Jangwani. Bonde hilo ni sahani ya mto: maji yakizidi, hutandaa pale na kutulia.

Lakini mji ulikua, na watu waliokosa viwanja vya bei nafuu walijenga bondeni. Huko juu nako, miti na majani yalipunguka, mabati yakazidi. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua kubwa sana ilinyesha. Mto ulirudi katika sahani yake, ukawakuta watu. Zaidi ya watu 40 walikufa, na maelfu walikosa makao. Baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Baadaye hata karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyojengwa Jangwani, ilifurika mara kadhaa.

Tusiwacheke waliojenga bondeni. Mtu hajengi mtoni kwa kupenda. Alitaka kuwa karibu na soko na kazi, na bonde ndilo aliloweza kulilipia. Kosa ni la mji ambao haukumwekea mahali pengine pa karibu. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilipata mkopo wa Benki ya Dunia kwa mradi wa kulitengeneza bonde hilo. Sehemu ya mpango ni kuliacha bonde la chini liwe bustani kubwa ya mji, ili maji yapate nafasi yake tena. Lakini kwanza watu wengi wamelazimika kulipwa fidia na kubomolewa nyumba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bustani ambayo ingeachwa bure zamani, sasa inanunuliwa kwa fedha nyingi na machozi.

NANI ALIPATA MITI?

Jambo jingine la Dar es Salaam lafaa kukumbukwa. Wakati wa ukoloni, Wajerumani na baadaye Waingereza waligawa mji kwa rangi za watu. Uzunguni palikuwa na viwanja vikubwa, njia pana na miti mingi. Uhindini palikuwa na maduka na nyumba zilizoshikana. Waafrika walipewa Kariakoo na sehemu nyingine za nyumba nyingi na kivuli kidogo. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu, yaani Mnazi Mmoja. Uwanja huo uliwekwa kuwatenga watu. Lakini wananchi waliufanya mahali pa kukutania, na leo pana mnara wa Mwenge wa Uhuru.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza: kugawa miti ni jambo la haki. Si halali wachache wapate kivuli na wengi wapate vumbi. La pili: uwanja ukibaki wazi, vizazi vijavyo vinaweza kuutumia kwa wema ambao aliyeupima hakuufikiria. Ukijengwa umekwisha.

WATU WA NAIROBI WALIVYOTETEA MITI YAO

Jirani zetu wa Kenya wana habari ya kutia moyo. Katikati ya Nairobi kuna bustani iitwayo Uhuru, iliyofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga humo jumba la ghorofa 60. Mama mmoja, Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha chama cha kupanda miti, alipinga. Aliandika barua kwa wakubwa wa nchi na wa nje. Alitukanwa na kudharauliwa, lakini hakunyamaza. Mwishowe jumba halikujengwa.

Baadaye ukaja Msitu wa Karura, ulio ndani ya Nairobi, wenye ekari 2,500 hivi. Vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu wajenge. Mwaka 1998 Profesa Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti humo. Tarehe 8 Januari 1999 walipigwa na walinzi, naye akaumizwa kichwani. Habari hiyo ilienea duniani, na ujenzi ulisimama. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Msitu wa Karura umebaki, na watu wa Nairobi hutembea humo chini ya miti mchana wa jua.

Angalieni alichokuwa nacho mama huyu: miche, kalamu na karatasi. Ninyi mnaojifunza kuandika, msiidharau kalamu.

SISI TUFANYE NINI?

Hapa Lupaso ndipo alipozikwa Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin William Mkapa, mwezi wa Julai mwaka 2020. Katika wakati wake wa kutawala, mwaka 1999, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Sheria hii ya pili yatuhusu sana. Inasema Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mtu anavyotunza mali ya yatima. Ardhi ya kijiji ina mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi ya watu na familia, na ardhi ya akiba. Kuigawa kunahitaji kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwanamume na mwanamke.

Basi msikae nyumbani siku ya mkutano. Ulizeni: ardhi yetu ya pamoja iko wapi? Imepimwa? Mipaka yake imeandikwa? Ulizeni kijiji kinakua kuelekea upande gani, na ni miti ipi iliyo njiani. Kijiji kikigeuka mji, hufuatwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na wapima huja na ramani zao. Uwanja ulioandikwa mapema una mtetezi. Uwanja usioandikwa huitwa pori, na pori hugawiwa.

Kumbukeni pia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima.

Wako wanaosema miti huleta nyoka, au mizizi hupasua nyumba. Hawasemi uongo. Dawa yake ni kuchagua na kutunza. Fyekeni majani chini ya miti iliyo karibu na nyumba. Mwembe na mkorosho ni miti mipana. Ipewe nafasi mbali na ukuta. Mwarobaini huvumilia ukame na hutoa kivuli kizuri njiani. Wengine huuliza, "Nani atamwagilia?" Pandeni mvua zinapoanza, na kila mti upewe nyumba moja ya kuulinda na mbuzi. Miti ishirini yenye walinzi ni bora kuliko miti mia mbili iliyopandwa siku ya sherehe na kusahauliwa kesho yake.

Ndugu wanafunzi, neno kubwa la leo ni hili. Watu wengi si adui wa miti. Nyumba zikikaa karibu kwa mpango, mashamba na misitu ya nje hupona, na nafasi ya bustani hupatikana ndani. Ila nafasi hiyo lazima itengwe kwanza, kabla ya nyumba ya kwanza kuinuliwa. Shauri hilo ni lenu.



MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini hakuna mito juu ya Uwanda wa Makonde? Maji ya mvua huenda wapi?
2. Familia 50 zikipewa viwanja vya mita 20 kwa mita 20, zitatumia ekari ngapi?
3. Kwa nini watu walijenga katika bonde la Msimbazi? Mji ungeweza kuwasaidiaje?
4. Tajeni mahali pa wazi katika kijiji chenu. Nani anapatumia? Je, pameandikwa katika daftari la kijiji?
5. Andikeni barua fupi ya mistari mitano kwa Mwenyekiti wa Kijiji, mkiomba uwanja mmoja wa wazi upimwe na kuandikwa.

MANENO YA KUJIFUNZA

Uwanja wa wazi: ardhi ya watu wote isiyojengwa.
Chemchemi: mahali maji yanapotoka ardhini yenyewe.
Fidia: malipo anayopewa mtu aliyepoteza mali yake kwa kazi ya umma.
Sensa: hesabu ya watu wote wa nchi.
Mche: mti mdogo wa kupandikiza.